Siku Nyati Walipolala Ubavu

Mkija kunisalimia hapa Ntobeye, ninyi vijana wenye magwanda mapya ambayo bado yananuka duka, shikamoo zenu nazipokea zote. Marahaba. Kinachoniudhi ni swali linalofuata: "Mzee, umeua nyati wangapi?" Sijaua hata mmoja. Katika miaka yangu yote ya uaskari wa wanyamapori, kazi niliyoijua kuliko zote ilikuwa kukaa juu ya kichuguu na kuangalia nyati wakilala. Ndiyo, wakilala. Chekeni mmalize, halafu tuendelee.

Nyati aliyelala anakuambia mambo mengi kuliko nyati anayekimbia. Anayekimbia anakuambia jambo moja tu, kwamba umechelewa kupanda mti. Aliyelala anakuambia ameshiba au hajashiba, kama kuna simba karibu, kama kuna mgonjwa kundini, na jioni wataelekea wapi. Hilo la mwisho ndilo lililotulisha sisi, maana jioni nyati wakielekea mashambani, kesho yake mwenyekiti wa kijiji yuko mlangoni kwenu na watu wake, na hakuna anayetaka chai.

Basi nianze na mambo mepesi. Nyati mwenye afya hulala kifua chini, miguu ameikunja, kichwa kiko juu, anacheua. Macho yamefumba nusu lakini masikio yako kazini. Ndama hulala ubavu, sawa na ndama wa ng'ombe. Mzee aliyechoka naye anaweza kulaza kichwa chini dakika chache, halafu anakiinua kana kwamba ameitwa jina. Lakini kundi zima halilali ubavu. Mliokua na ng'ombe nyumbani mnajua: ng'ombe mkubwa akilala ubavu na kichwa chini, mwenyewe anakimbilia dawa.

Jingine ni upepo. Sisi tulitembea na soksi kuukuu iliyojaa majivu. Unaigonga kwa kidole, majivu yanatoka, unaona upepo unakoelekea, kisha unakaa upande ambao harufu yako haiwafikii. Siku hizi nawaona mnatazama simu iwaambie upepo. Simu inajua upepo wa Mwanza.

Haya yote alinifundisha Masanja. Alikuwa Msukuma aliyehamia upande wa Biharamulo na ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe wakaisha kwa ugonjwa, naye akaajiriwa kufuata nyayo. Shule hakuwahi kuiona, na r kwake ilikuwa mgeni asiyekaribishwa. Mimi nilimaliza darasa la saba na nilikuwa na daftari, kwa hiyo aliniita Kalani. Kila asubuhi alinisalimia "Mwangaluka, Kalani," nami namwitikia shikamoo, kwa kuwa alinizidi miaka mingi. Nikiandika sana alinikemea. "Kalani, kalamu yako ina halaka. Kwanza nenda ukaone."

Wiki yangu ya kwanza nilitafuta kichuguu cha kukalia. Nikakiona kimoja kizuri chini ya mgunga, chekundu, udongo umekauka ukapasukapasuka. Nikatua begi, nikageuka ili nikae. Kichuguu kikapumua. Lilikuwa dume zee lililogaagaa matope na kujikaushia juani, limelala zake. Sikumbuki nilivyopanda ule mgunga, nakumbuka tu miiba niliyotolewa siku mbili. Masanja alikuwa juu tayari, na hadi leo sielewi aliwezaje kwa lile tumbo. Akaniangalia nikitokwa damu, akasema, "Kwanza mti, halafu mbogo." Hiyo iandikeni.

Siku nyingine nilikuwa nasonga ugali kambini nikapiga mluzi wa wimbo wa kwaya. Alinizaba kofi la kisogo hata mwiko ukaanguka. "Polini hakuna mluzi! Mluzi unafika mbali. Mbogo anausikia, jangili anausikia, na wewe mwenye mluzi ndiye wa mwisho kujua umesikika." Ilikuwa sheria yetu sote, lakini yeye aliishika kama amri ya kanisani. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kumsikia akipiga mluzi, hata siku ya mshahara.

Somo lake kubwa lilikuwa lile la majike. Nyati wakilala mchana kutwa, ikifika alasiri, utaona jike mmoja anasimama. Hali majani, haendi popote. Anageuza kichwa upande mmoja, anatazama kitambo, kisha analala tena. Baadaye mwingine anasimama, anatazama upande uleule. Halafu mwingine. Dume akisimama usimhesabu, ananyoosha mgongo tu. Majike ndio wenye kamati. Ukihesabu majike wengi wametazama wapi, jua likikaribia kuzama kundi lote huinuka na kuelekea hukohuko. Mara ya kwanza aliponionyesha nilidhani ananitania. Nikaandika kwenye daftari siku arobaini mfululizo, na siku arobaini hazikunidanganya zaidi ya mara tatu. Tukawa tunampigia mwenyekiti wa Kasulo, kijiji cha jirani, saa kumi: leo wanakuja kwenu, toeni madebe mpige kelele, au, leo wanakwenda mtoni, laleni. Watu walituona wachawi. Nami kwa ujana wangu niliipenda sifa hiyo.

Sasa niseme lile ninalolizungukazunguka tangu nianze.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Kundi kubwa lilikuwa limeweka malalo yake, ndivyo tunavyoita pale wanapolaza majani kwa miili yao, kwenye bonde lenye maji kidogo upande wa Lukole. Kichuguu changu kilikuwa mteremko wa huku. Mteremko wa kule, ng'ambo ya nyati, ni kilima cha kambi ya zamani. Mnaotoka mbali niwaeleze: pale waliishi wakimbizi maelfu kwa maelfu, kisha wakarudi makwao, na pori nalo likarudi kwake. Ukipita leo unakanyaga kikombe cha plastiki, unakuta mafiga matatu chini ya kichaka, unakuta mstari wa maua yaliyopandwa mbele ya mlango ambao haupo. Yapo na mashimo. Mengi yalifukiwa, machache yalisahaulika, na majani yameyafunika vizuri. Mke wangu alizaliwa Burundi akakulia pale. Mara nyingine akijisahau anakiita kile kilima "nyumbani", halafu ananyamaza mpaka chakula kinaiva. Mimi sikupenda kwenda kule peke yangu. Naomba mlikumbuke hilo.

Jumanne moja ilikuwa siku ya mapumziko ya Masanja. Alichukua baiskeli akasema anakwenda Kasulo kuchajisha simu. Mimi nikaenda kichuguuni. Upepo ulitoka kilimani, ukapita kwa nyati, ukaja kwangu. Soksi yangu ya majivu ilisema hivyo. Daftari bado ninalo, nanukuu kama nilivyoandika.

"Saa tisa na robo. Jike mmoja amesimama. Anatazama kilimani, pua juu. Saa tisa na nusu. Majike saba, kilimani, pua juu. Ndege mmoja analia kule, simjui."

Huyo ndege alikuwa na sauti moja ndefu inayoshuka, kisha fupi mbili. Inakatika, inaanza tena. Porini sijawahi kukutana nayo kabla wala baada.

Nikampigia mwenyekiti: leo wanapanda kilima cha kambi, watu wako walale. Jua lilipokuwa linashuka kundi likainuka, likageuzia kilima mgongo, likaenda moja kwa moja kwenye maharage ya watu wa Kasulo. Sitawaambia aliyoniambia mwenyekiti asubuhi yake, maana baadhi yenu ni walokole. Niliandika: "Macho yamenidanganya."

Macho hayakunidanganya, vijana. Yalikuwa yameandika "pua juu" mara mbili. Jike anayechagua njia hutazama kwa utulivu, pua iko usawa wa macho, masikio yamelegea. Jike anayeinua pua ananusa kitu kilichopo, au anasikiliza. Tofauti hiyo ilikuwa ya kwanza kabisa kufundishwa. Nilijua, niliandika, sikufikiri.

Jumatano asubuhi ndipo tukagundua Masanja hakurudi. Tukapiga simu, akapokea kijana wa kibanda cha kuchajisha pale Kasulo. Simu iko hapa, akasema, na baiskeli imeegemea ukuta toka jana asubuhi. Mwuza nyanya mmoja akaapa alimwona mtu mwenye koti la kijani akipanda lori la kwenda Biharamulo. Wengine wakacheka, wakasema mzee amepata nyumba ndogo. Bwana mkuu wetu akatuma gari na askari wote kule barabara ya Biharamulo. Mimi nikaambiwa nirudi kwa nyati, kwa sababu ya yale maharage.

Kumbe Masanja aliposubiri simu iingie chaji alikumbuka mitego ya nyaya tuliyoisikia iko kilimani. Akaiacha baiskeli, akakata njia ya mkato kwa miguu. Hilo tuling'amua baadaye, kutokana na nyaya tulizozikuta mfukoni mwake. Yule mwenye koti la kijani hatukumjua kamwe.

Mke wake, Mama Kulwa, alifika kambini kwetu siku hiyohiyo kwa bodaboda, akatandika khanga chini ya mti wa mbele ya ofisi, akakaa. Hakulia, hakuuliza mara mbili. Nilipopita na darubini yangu aliniambia tu, "Shemeji, wewe ndiye unayeandika. Ukiona kitu uniambie." Nikamwambia nitamwambia.

Alasiri hiyo nilichokiona sikuwa nimekiona popote. Hawakusimama majike saba. Walisimama ishirini, thelathini, hata wenye ndama wanaonyonya. Wanasimama, wanatazama kilimani, wanalala, na kabla hawajakunja miguu vizuri wanasimama tena. Hakuna aliyecheua. Bonde zima lilikuwa linainuka na kushuka. Yule ndege alikuwa analia, lakini sauti yake imekauka, na kila alipolia ndipo wale wanyama waliposimama. Nililiona hilo. Nikafanya ishara ya msalaba, nikajiambia hawa wanaona mizimu ya watu wa zamani wa pale kilimani. Nikamkumbuka mke wangu anavyonyamaza.

Na jua lilipoelekea kuzama, wakageuka tena wakaenda upande mwingine. Wanatazama huku, wanakwenda kule. Nilikaa nikiwaza niende nikaone. Kutoka pale nilipokuwa hadi kilimani ni nusu saa kwa kuzunguka. Sikwenda. Nimewaambia watu kwa miaka kwamba nilifuata utaratibu, kwamba askari mmoja hazunguki kundi la nyati peke yake. Utaratibu ulikuwepo, ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliogopa. Sikuogopa nyati.

Alhamisi nilifika mapema, saa tatu, jua limekwisha kuwa kali. Nikagonga soksi, nikapanda kichuguu, nikaweka darubini machoni.

Kundi lote lilikuwa limelala ubavu. Si mmoja, si kumi. Wote, madume na majike, wamejinyoosha, miguu imetupwa upande, vichwa na pembe chini ardhini. Wale ndege wanaodonoa kupe walikuwa wanatembea juu ya matumbo yao wakitafuta, wanapanda juu ya macho, na hakuna sikio lililotikisika. Ndama walikuwa wamesimama katikati ya mama zao, hawanyonyi, hawachezi, wamesimama tu. Nikajua wamepewa sumu. Nikaanza kupanga maneno ya redio. Kisha nikaona ubavu mmoja unapanda. Unashuka. Nikahama hadi mwingine, nao unapanda taratibu mno, unashuka. Walikuwa wazima. Nilihesabu pumzi zao mpaka macho yakatoka machozi.

Hakuna jike aliyesimama siku hiyo. Saa tisa ikapita, na robo, na nusu. Kimya. Nyasi hazikutikisika. Niliweza kusikia saa yangu mkononi. Jioni waliinuka kwa pamoja, polepole, wakaondoka kwa mstari mmoja bila kutazama nyuma. Nikaandika: "Leo wametulia. Ndege hakulia."

Nami nilifurahi, vijana. Sitawaficha. Nilikuwa nimechoka na kile kilima, nikashukuru kimenyamaza. Nilirudi kambini nikamkuta Mama Kulwa kwenye khanga yake. Nikataka nimpe neno la kumtia moyo. Nikamwambia, "Shemeji, wanyama wametulia leo. Pori likitulia ni dalili njema."

Akaniitikia, "Amina."

Ijumaa asubuhi nyati hawakuwepo bondeni. Nikaenda kuhesabu malalo, kazi ya kawaida kabisa; ukihesabu malalo unajua idadi ya kundi bila kubishana na mtu. Malalo ya kawaida hayaelekei upande mmoja. Huyu anatazama huku, huyu kule, kila mnyama analinda upande wake. Yale yalikuwa yameandikwa ardhini waziwazi, mwili mzima, hata pembe zilipochora udongo, na kila alama ya kichwa ilielekea kilimani. Nilisimama katikati yake kitambo kirefu. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya Jumanne. Nikafuata vichwa.

Havikunipeleka mbali. Mita mia tatu juu ya mteremko kulikuwa na fimbo ya Masanja kwenye majani, na pembeni ya fimbo majani yamefungua mdomo. Shimo lilikuwa la kina cha watu wawili. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mguu mmoja umekaa vibaya. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa mdomoni mwake. Nilidhani ameviuma kwa maumivu, na sikutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Daktari alituambia mimi na bwana mkuu, tukiwa nje ya mlango wa hospitali. Nyonga imevunjika na mguu. Kifua kimeumia, asingeweza kupiga kelele ya maana. Kiu imemmaliza. Alifariki jana, Alhamisi, alfajiri.

Nilirudia ile "Alhamisi alfajiri" kichwani mwangu hadi bwana mkuu akanishika bega. Kisha akaniambia, wewe ndiye rafiki yake, kamwambie mke.

Nikaenda nikamwambia aliteleza Jumanne, akaangukia kichwa, akafa palepale, hakuteseka. Alinitazama machoni. Akasema, "Asante, shemeji." Tukazika Biharamulo, na shimo lile tukalifukia.

Baadaye alipita mtaalamu mmoja wa wanyama, nikamwuliza kwa kuzungukazunguka, bila kutaja mtu. Akanieleza kwamba mnyama aliyesumbuliwa siku mbili bila kupumzika, usumbufu ukikoma, huangukia usingizi mzito. Vichwa kuelekea upande mmoja inaweza kuwa upepo. Ni maelezo mazuri. Mchana huwa nayakubali.

Mimi nimestaafu juzijuzi. Mwezi wa pili tangu nikae nyumbani, nikasikia hodi. Mama Kulwa, mvi kichwa kizima, ana kuku mkononi na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Mke wangu akampa kigoda. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, tukaulizana mvua. Halafu akasema, "Shemeji, Masanja alikuwa ananiambia, siku nikipotea muulize Kalani, yeye anaandika hata nzi akitua. Nimekuja unisomee zile siku."

Nilileta daftari. Nikamsomea Jumanne. Nikafunua.

"Shemeji," akasema, "mimi kusoma sijui, lakini masikio ninayo. Umefunua kalatasi mbili."

Nikarudi nyuma. Nikasoma Jumatano yote, majike thelathini, ndege aliyekaukiwa sauti. Nikasoma Alhamisi. Nikasoma "Leo wametulia." Kisha nikamwambia aliyosema daktari, siku na saa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani, hakuingia.

"Wewe uliniambia hakuteseka," Mama Kulwa akasema.

"Nilikudanganya, shemeji. Nisamehe."

"Nilijua. Niliviona vidole vyake kabla hawajamfunika. Nimekaa miaka yote hii nangoja useme." Akafunga na kufungua fundo la kitambaa chake. "Huyo ndege. Alilia vipi?"

Sikuelewa anataka nini, lakini nikaiga kwa midomo, vibaya kama ninavyoweza: ndefu inayoshuka, fupi mbili. Aliweka vidole viwili mdomoni, vidole vya mkono wa kulia, akaupiga mluzi uleule, mkali, safi, ndefu inayoshuka, fupi mbili. Kuku walitawanyika. Migombani kwa jirani kulikuwa na ng'ombe mmoja amefungwa, amelala anacheua. Alisimama. Akageuza kichwa akatutazama.

"Ni wa kunyweshea," akasema Mama Kulwa. "Kwetu kila mchungaji anaujua. Ng'ombe hata wawe wamelala, ukiupiga wanasimama, wanatazama ulipo."

Sahani ilikuwa imeinama mkononi mwa mke wangu, chakula kinamwagika, wala hakuona.

"Alikuwa anaomba maji," nikasema.

"Hapana." Aliniambia kwa upole, kama anavyoambiwa mtoto. "Masanja alijua kila alasili uko juu ya kichuguu chako unaangalia mbogo. Sauti yake ya kifua kilichovunjika isingekufikia, na ingekufikia usingeijua. Hakukuita wewe, shemeji. Aliwaita wao wasimame, ili wewe uone."

Nililia mbele ya mgeni na mbele ya mke wangu, mzee wa umri huu. Mtu yule hakuvunja sheria ya mluzi maisha yake yote. Aliivunja mara hiyo moja, siku mbili mfululizo, kwa kuwa aliniamini mimi kuliko askari wote waliokuwa barabarani. Na nyati walimwitika kila mara. Niliwahesabu mmoja mmoja wakimwitika.

Niliponyamaza nilichukua kalamu nikataka kuyakata yale maneno mawili, "Leo wametulia", maana siwezi kuyatazama. Mama Kulwa akaniwekea kiganja juu ya mkono.

"Iache hivyohivyo," akasema. "Hao wapya wanaokuja kukusalimu, waisome."

Daftari liko hapa mezani, chini ya Biblia. Michembe tulikula, kuku tukamfuga. Mkija, msiniulize nimeua nyati wangapi. Niulizeni habari za Jumanne, saa tisa na robo.